Nyuzi 93 na Jioni Moja

Swali ninaloulizwa sana hapa chuoni halihusu masomo. Ni hili: "Hivi vyombo vitatu vyote hivyo unavipatia wapi muda?" Anayeuliza huwa ameniona nimebeba begi la udi, au chumba chake kiko jirani na changu hosteli na fidla yangu ameshaizoea kama alivyozoea jenereta. Mara nyingi swali linakuja na methali yake kabisa, mshika mbili moja humponyoka. Na mie ninazo tatu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Fidla ina nyuzi 4. Udi wangu una nyuzi 11, jozi tano na uzi mmoja mnene peke yake. Kanuni ninayojifunzia ina nyuzi 78, zimepangwa tatu tatu kwa sauti 26. Jumla nyuzi 93. Upande wa pili wa hesabu kuna jioni moja kwa siku, na jioni hiyo hiyo ina asaimenti, ina kikao cha grupu, ina foleni ya chakula na ina umeme wa kukatika. Nasoma ualimu, mwaka wa tatu, Kiswahili na Historia. Muziki haumo kwenye matokeo yangu hata kwa kozi moja.

Lakini muda si swali lenyewe. Hata mwenye chombo kimoja hana muda. Swali ambalo mimi nimelala nalo na kuamka nalo mwaka mzima ni hili: huo muda kidogo ulio nao, uutumie kufanya mazoezi au kujifunza nyimbo? Nimeona niandike ninavyolijibu, kwa sababu naamini si la wapiga muziki peke yao.

Madeni mawili

Kila mpigaji ana madeni mawili. La kwanza ni la mkono. Hili hulipwa kwa mazoezi: kuvuta upinde wa fidla sauti moja ndefu bila kutetemeka, kupiga risha ya udi chini na juu mpaka kifundo kilegee, kupanda na kushuka makamu. (Simsemi Makamu Mkuu wa Chuo. Makamu ni mpangilio wa sauti katika muziki wa Kiarabu, ambao taarabu yetu imeurithi: Rasti, Bayati, Hijazi, Nahawandi na ndugu zao.) Deni la pili ni la kichwa. Ni nyimbo na bashrafu ulizonazo, zile ambazo mtu akikuamsha usiku wa manane akakwambia piga, unapiga. Mimi naiita hazina.

Mwenye mazoezi bila hazina ni kama mtu anayeijua sarufi yote lakini hana la kusema. Ukimpeleka harusini anapanda ngazi na kushuka ngazi, bibi harusi anasubiri wimbo. Mwenye hazina bila mazoezi naye ni mtu wa madesa. Anayajua majibu ya mtihani wa mwaka jana, swali likigeuzwa kidogo tu, kwisha. Mwimbaji akibadilisha ufunguo kwa sababu koo lake leo haliko sawa, yeye anabaki kutazama wenzake.

Kwa chombo kimoja madeni haya yanalipika. Kwa vyombo vitatu yanakuwa sita, na hapo ndipo ushauri wa bure unapoanza kumiminika.

Ushauri wa kwanza ni "chagua kimoja." Ni ushauri mzuri, ila hauangalii kila chombo kimeingiaje mkononi mwangu. Udi ni wa nyumbani. Ulikuwa ukutani kwetu kabla sijazaliwa na hakuna mwengine anayeupiga. Fidla ni riziki. Ninaipiga kwenye kikundi cha kidumbaki, na anayejua kidumbaki anajua kwamba pale fidla ndiyo inayobeba wimbo. Vyombo vingine ni sanduku la uzi mmoja linalotoa besi, vidumbaki viwili, mkwasa na cherewa za vifuu. Kanuni ni ya mzee, na habari yake inakuja. Tena katika taarabu si ajabu mtu mmoja kukamata vyombo kadhaa. Mohamed Issa Matona anafahamika kwa fidla, kwa udi na kwa kanuni pia, na sijasikia mtu akimwambia achague.

Ushauri wa pili ni ule wa saa 10,000. Mwaka 1993 Anders Ericsson na wenzake wawili walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa fidla mjini Berlin. Waliona kwamba wale bora zaidi, walipofika umri wa miaka 20, walikuwa wamefanya mazoezi ya peke yao kwa wastani wa zaidi ya saa 10,000. Mwaka 2008 Malcolm Gladwell akaitia namba hiyo kwenye kitabu chake Outliers, na tangu hapo inanukuliwa kama hadithi sahihi. Ericsson mwenyewe alikuja kueleza kwamba imeeleweka vibaya, kwa kuwa ule ni wastani tu, hakuna mlango unaofunguka ukifika hapo. Lakini hebu tuipigie hesabu. Kwa saa 2 kila siku, bila kukosa hata siku ya Idi, saa 10,000 ni siku 5,000, yaani miaka 13 na miezi kama minane. Kwa vyombo vitatu ni miaka 41. Nitamaliza nikiwa nimeshastaafu ualimu.

Sikio ni moja, mikono ni mingi

Jambo ambalo hesabu hiyo haisemi ni kwamba si kila kitu unachojifunza kwenye chombo kimoja kinabaki humo humo. Kuna mambo yanahama na kuna mambo hayahami, na ukishayatenganisha, nusu ya kazi imekwisha.

Mkono hauhami. Risha ya udi unaishika kwa mkono wa kulia na kuipiga kwa kifundo. Kanuni unaipiga kwa vidole vya shahada vyote viwili, kila kimoja kimevalishwa pete yenye risha yake. Fidla ina upinde, na upinde ni dunia nyengine kabisa. Mwezi mzima wa kunyoosha upinde haukusaidii chochote ukikaa mbele ya kanuni.

Sikio linahama. Chukua makamu ya Bayati. Sauti yake ya pili inashuka robo tu, inakaa mahali ambapo kinanda cha kawaida hakina hata kibonyezo. Kwenye udi hakuna vigawanyo shingoni, kwa hiyo kidole kinaitafuta wenyewe. Kwenye fidla hali kadhalika. Kwenye kanuni kuna vishikizo vidogo vya chuma upande wa kushoto, unakiinua au kukilaza kimoja na uzi unapanda au kushuka kidogo. Njia tatu, lakini ile robo ni ile ile. Ukishaisikia sawasawa mara moja, umeisikia kwa vyombo vyote vitatu. Wimbo nao ni hivyo hivyo. Wimbo hauko kwenye vidole, unapita tu hapo.

Kwa hiyo mpango wangu uko hivi. Mazoezi ya kila chombo nimeyapunguza mpaka yabaki yale ambayo chombo kingine hakiwezi kunifundisha. Fidla: upinde tu, dakika 10. Udi: risha tu, dakika 10. Kanuni: vishikizo vya mkono wa kushoto na kupishanisha vidole viwili, dakika 10. Makamu sizifanyii mazoezi mara tatu. Ninaifanya moja kwa wiki, leo kwenye udi, kesho kwenye fidla. Baada ya hapo ni nyimbo, na wimbo mmoja unazunguka vyombo vyote kabla haujaruhusiwa kwenda.

Nina daftari la kurasa tatu kwa nyimbo. Ukurasa wa kwanza ni "zinazopikwa", na hapo hazizidi tatu kwa wakati mmoja. Wa pili ni "zilizoiva", ambazo napitia mbili kila siku kwa zamu, hata kama ni kwa kuzipiga mara moja tu. Wa tatu ni "zilizolala". Huko unakwenda wimbo ambao zamu yake imefika nikashindwa kuumaliza bila kusita. Sheria ni moja: siongezi wimbo mpya kwenye jungu kabla sijaamsha mmoja uliolala. Sheria hii inauma, maana wimbo mpya una ladha na wa zamani una vumbi. Lakini hazina isiyokaguliwa unaikuta tupu siku ya shughuli.

Mtu wa saikolojia wa chumba cha pili aliniambia kwamba kuchanganya vyombo jioni moja kunapoteza umakini, bora siku nzima ya chombo kimoja. Nikamjibu kwa hoja za kozi zake mwenyewe. Mwaka 1979 John Shea na Robyn Morgan, watafiti wa Marekani, waliwafundisha watu mizunguko mitatu tofauti ya mkono. Kundi moja lilimaliza mzunguko mmoja ndio likaenda wa pili. Kundi jengine lilichanganyiwa. Wakati wa kujifunza, kundi la kwanza lilionekana hodari zaidi. Walipopimwa tena baadaye, waliochanganyiwa ndio waliokumbuka vizuri zaidi. Wale hawakuwa wapiga muziki, lakini mkono ni mkono. Nikichanganya jioni yangu inaonekana mbovu, nasikia mwenyewe. Ninachoangalia ni Jumamosi, na Jumamosi nyimbo huwa zipo.

Simu imeshajifunza

Mpango huo ulikwenda vizuri mpaka ukakutana na mzee.

Sitamtaja jina, hapendi. Yuko kwenye miaka ya 70 na kitu, amepiga kanuni tangu ujana wake, na nyumba yake iko Kikwajuni. Sote tunamwita Maalim. Mnajua wenyewe kwamba klabu zetu ni za siku nyingi, Ikhwani Safaa ni ya 1905, Culture ni ya 1958, na chuo cha muziki cha nchi za majahazi kimekuwapo Mji Mkongwe tangu 2002. Kwa hiyo sisemi kwamba kanuni inakufa. Wapo wanaoipiga na wapo wanaofundishwa. Ninachosema ni kwamba kila mpigaji wa rika la Maalim ana vitu vyake ambavyo havikuandikwa noti wala havikuingia studio. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, na kwa sababu hiyo leo tunaye sauti yake. Wengi waliokuja baada yake hawakwenda popote. Walipiga barazani na harusini, watu wakafurahi, wakaenda kulala.

Maalim alikaa na mimi siku moja akazihesabu zake kwa vidole: bashrafu na nyimbo 28 ambazo, kwa anavyojua yeye, hapigi mtu mwengine. Nilipokuwa nimetimiza mwaka mmoja kwake nilikuwa nazo 11.

Wa chuo tuna jibu la haraka kwa tatizo kama hili. Mrekodi kwa simu, umemaliza. Nilimrekodi. Nilimrekodi zote 28 kwa siku tatu. Maalim akasubiri nimalize, akaniuliza:

"Sasa simu imeshajifunza. Weye je?"

Kisha akaniambia jambo ambalo ndilo lililobadilisha hesabu yangu yote. Mikono yake inatetemeka siku hizi. Anachokipiga sicho anachokisikia kichwani. Tulipoisikiliza ile rekodi, alikuwa akinisimamisha kila mara: "Hapo si hivyo, mwanangu. Huo ni mkono tu." Halafu anaimba kwa mdomo, la-la-la, vile inavyotakiwa iwe. Kwa hiyo simu yangu ilikuwa imehifadhi kwa uaminifu mkubwa mitetemo ya mzee wa watu. Wimbo wenyewe haukuwamo. Njia pekee ya kuupata ni yeye aimbe, mimi nipige, yeye asikie, aseme si hivyo, mimi nipige tena, mpaka anyamaze.

Na hapo ndipo madeni yale mawili yalipoacha kuwa mawili. Akiimba kipande chenye kuhama kutoka Rasti kwenda Bayati katikati ya sentensi, mkono wangu wa kushoto lazima uwahi kishikizo wakati wa kulia haujasimama. Kama mkono hauwezi, wimbo hauwezi kupita. Atauimba mara 20 na hautapita. Kumbe mazoezi ndiyo mlango wa kupokelea hazina. Ila sikuwa tena na sababu ya kufanya zoezi lolote ambalo wimbo haujaliomba. Kila siku nilitoka kwake na vipande viwili au vitatu vilivyonishinda, navyo ndivyo vilikuwa mazoezi yangu ya kesho yake. Hosteli sina kanuni, kwa hiyo nilichora nyuzi zote kwenye karatasi ya manila, nikaibandika mezani, nikawa napiga karatasi kimya kimya. Wenzangu chumbani walidhani napiga msuli.

Hata kuzipatanisha nyuzi kulikuwa sehemu ya somo. Nyuzi 78 na unyevu wa pwani hazielewani, kila siku unazikuta zimelegea. Ni nusu saa kabla hujapiga kitu cha maana. Nilipomwomba Maalim tuanze na zile za katikati tu ili tuokoe muda, alinitazama akasema, "Anayeona nyuzi zinampotezea muda, akapige debe stendi." Tukazipatanisha zote.

Shaabani

Mwezi wa Rajabu Maalim aliniambia kwamba mwanawe aliyeko Maskati amemtaka aende akatibiwe na kukaa naye. Safari itakuwa baada ya Idi. Hakusema kurudi lini, na mimi sikuuliza.

Hesabu mpya ikawa hivi. Zimebaki nyimbo 17. Ramadhani kwake hakuna kanuni, hilo halina mjadala. Kwa hiyo kilichobaki ni Rajabu iliyokuwa ukingoni na Shaabani.

Sasa mtu wa Unguja anajua Shaabani maana yake nini. Ndiyo miezi ya harusi inapofunga hesabu kabla ya mfungo. Kikundi chetu cha kidumbaki kilikuwa kimeshachukua harusi 12, na mpiga fidla analipwa shilingi 30,000 kwa usiku. Hizo ni 360,000. Kwa mwanafunzi ambaye pesa ya mkopo inakuja ikijisikia, 360,000 ni nauli ya muhula, fotokopi, chakula na kidogo cha kupeleka nyumbani. Nilikuwa nimeshazipangia matumizi mpaka shilingi ya mwisho.

Harusi za kidumbaki zinaanza jioni, muda ule ule wa Maalim. Nilikwenda kwa kiongozi wa kikundi nikamwomba nipige nusu.

"Kaka, nipe harusi sita, sita nyengine mpe mtu."

"Mdogo wangu," akasema, na alisema kwa upole, "fidla si kiti cha msikitini kwamba anayewahi ndiye anayekaa. Nikimleta mtu lazima nimpe mwezi mzima. Wewe amua."

Hakuwa mbaya. Angekuwa mimi kwenye nafasi yake ningesema hivyo hivyo. Usiku ule nililitoa lile daftari la kurasa tatu nikajaribu kupanga kama ninavyopanga siku zote, dakika kumi huku, dakika kumi kule. Halikupangika. Mpango wangu wote unasimama juu ya kitu kimoja, kwamba kesho ipo. Wimbo usioiva leo utaiva wiki ijayo. Fidla ikilala, utaiamsha. Kwa Maalim kesho ilikuwa na tarehe.

Nilimrudia kiongozi asubuhi nikamwambia ampe mwengine.

Sitaki mtu asome hapa akafikiri ulikuwa uamuzi wa kishujaa. Nilikopa 100,000 kwa dada yangu, ambaye mpaka leo kila nikimsalimia "shikamoo" ananijibu "marahaba, laki yangu?" Shaabani nzima nilikula mihogo. Testi mbili zilikuja wiki moja na nilizifanya kwa kusoma alfajiri, maana jioni zilikuwa na mwenyewe. Udi sikuugusa hata mara moja. Fidla niliivuta upinde dakika 10 kwa siku, basi, ili isinisahau kabisa. Dakika zote nyingine zilikwenda kwenye zile nyuzi 78, za mbao Kikwajuni na za manila hosteli.

Tulimaliza Shaabani na nyimbo 9. Si 17. Tisa, na kila moja Maalim aliisikiliza mwanzo mpaka mwisho bila kusema "si hivyo." Ya mwisho ilikuwa bashrafu ndefu yenye kile kipande cha kuhama ambacho nilikipiga kwenye karatasi wiki mbili. Alipoisikia imekwisha hakunisifu. Alisema tu, "Hiyo sasa mpe mtu." Nilichukua kwamba ameridhika.

Vitu vilivyobaki

Ramadhani ilikuwa ya kusikiliza. Nilikaa na zile rekodi za simu, nikiandika noti za nyimbo zote 28 kwa penseli, na pale aliposema "huo ni mkono tu" nikaweka alama. Noti hazitoshi, hazisemi robo inakaa wapi hasa wala pumzi ni wapi, lakini ni bora kuliko kichwa changu peke yake.

Maalim alisafiri siku sita baada ya Idi. Kanuni aliniachia amana. Sasa ninampigia simu ya video Ijumaa baada ya Alasiri, anaimba, mimi napiga, sauti inachelewa kidogo kwa sababu ya mtandao, na bado anasikia. "Si hivyo" ya Maskati ni ile ile ya Kikwajuni. Kwa njia hiyo tumepata tatu zaidi. Zimebaki tano.

Fidla yangu imeshuka, kila mwenye masikio anajua. Aliyechukua nafasi yangu anapiga vizuri na hakuna sababu ya kumtoa. Kikundi kimenirudisha, lakini sasa napiga cherewa, 10,000 kwa usiku. Ni kutikisa vifuu viwili usiku kucha. Nimegundua kwamba mtu wa cherewa anasikia wimbo mzima kuliko yeyote, kwa sababu hana kingine cha kufanya. Nyimbo tatu nilizokuwa nazo kwenye ukurasa wa "zilizolala" zimeamkia hapo.

Daftari limerudi kazini. Zinazopikwa tatu, zilizoiva kwa zamu, zilizolala zinaamshwa. Kwa siku za kawaida naliamini na namshauri yeyote mwenye vyombo vingi, au lugha nyingi, au kozi na biashara na kazi ya chama kwa pamoja: tenganisha kinachohama na kisichohama, kisichohama ukifanyie mazoezi mafupi kila siku, kinachohama kizungushe. Usawa si kugawa dakika sawasawa. Lakini kuna siku chache ambazo mpango wowote hauna budi ufungwe, kwa sababu kitu kimoja kinaondoka na vingine vitakusubiri. Ukiuliza utazijuaje siku hizo, mimi nilijua kwa kuuliza swali moja tu: kati ya haya, lipi haliwezi kujifunzwa mwakani? Fidla ingeweza. Udi ungeweza. Hata laki ya dada ingeweza, ingawa yeye haoni hivyo.

Sasa nina nyimbo 23 za Maalim kwenye kichwa kimoja, na kichwa hicho kinapanda daladala kila siku na kinaweza kupata mafua. Alisema "mpe mtu," na bado sijampa mtu. Kwa hiyo tangazo langu ni hili. Natafuta wawili. Si lazima ujue noti, si lazima uwe wa Unguja, si lazima uwe na chombo. Udi, fidla, hata filimbi, leta unachokijua. Nitakuimbia, utapiga, nitakwambia si hivyo. Jumamosi baada ya Alasiri ninakuwa kwenye ukumbi mdogo nyuma ya hosteli. Njoo na nusu saa ya ziada, kwa sababu kwanza tutapatanisha nyuzi, na ni zote.